Kifaranga Aliyemtangulia Mgeni Rasmi

Nchi yangu ina jina zuri, lakini jina lenyewe halijazinduliwa bado, kwa hiyo si ruhusa kulitaja. Nikilitaja nitafungwa, na gereza jipya nalo halijazinduliwa, itabidi nifungwe nje ya ukuta wake, mvua ikininyeshea. Basi tuseme nchi yangu, inatosha. Ukiona inafanana na yako hiyo ni juu yako, mimi sijasema.

Kwetu kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Ndiyo sheria, tena sheria nzuri, ina utaratibu. Daraja la mto wetu lilikamilika miaka sita iliyopita. Limefungwa utepe huku na huku, linamsubiri mgeni rasmi, na sisi tunapita chini yake majini, viatu kichwani. Anayeliwa na mamba siku hizi analiwa kwenye kivuli cha daraja, si juani kama zamani, na hayo ni maendeleo. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la tatu. Darasa la nne lilikuwapo, limepakwa chokaa, madawati yamo ndani. Tulichungulia dirishani mpaka tukaota ndevu, tukaenda zetu kulima.

Anayezindua ni mmoja tu, Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu. Ana mkasi wa dhahabu wa kukatia utepe na nyundo ya shaba ya kugongea mawe ya msingi. Mkasi una walinzi wanne. Nyundo ina sita, kwa kuwa ni nzito. Waziri mmoja aliwahi kufungua chupa ya soda mezani kabla ya Mheshimiwa. Siku hizi anauza soda stendi.

*

Mke wangu Zaituni alianza na homa. Nikampakia kwenye baiskeli, nikamkokota mpaka zahanati. Pale palikuwa na wodi mpya, vitanda kumi na viwili, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Mlangoni utepe. Muuguzi, binti mwenye huruma zake, akamtandikia mkeka barazani.

"Mzee Kondo, vumilia. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi."

"Leo Jumatatu, mwanangu."

"Ndiyo maana nimesema vumilia."

Zaituni alikuwa mtu wa utani hata akiwa chini. Alivitazama vile vitanda kupitia dirishani, akaniambia, "Kondo, nifunge utepe na mimi. Pengine kifo kitaogopa kuukata."

Sikuwa na utepe. Jumatano jioni kifo kikaja, hakina msafara, hakina itifaki.

Alhamisi asubuhi akaja Mtendaji wa kata, Bwana Lukindo, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Wodi haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Waliokuwa barazani wengine walikuwa wamekufa, wengine wamepona kwa hasira wakaondoka. Na wodi haizinduliwi tupu. Akamwona Zaituni amelala na khanga yake usoni.

"Na huyu?"

"Huyu amefariki, bwana."

"Lini?"

"Jana."

"Una karatasi?"

"Sina."

"Basi usiwe na haraka ya kusema mambo."

Wakamwinua, yeye Lukindo akishika miguu. Wakamlaza kitanda namba moja, shuka mpya, nailoni wakaivua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mke wangu akalala kwenye godoro ambalo halijalaliwa na mtu. Mheshimiwa akakata utepe, akaingia na wapiga picha, akamshika mkono.

"Mkono wa baridi," akasema. "Homa imeshuka. Hii ndiyo huduma ninayoitaka."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa kuwa aliyesimama nyuma yangu alikuwa na bunduki. Kwenye daftari la serikali wakaandika: Zaituni binti Mbwana, mgonjwa wa kwanza, anaendelea vizuri. Ijumaa nikamzika nyuma ya mihogo yetu. Serikali haikuja mazikoni. Haina makosa, mtu anayeendelea vizuri hazikwi.

*

Aliniachia kuku mmoja. Alikuwa nao thelathini, mdondo ukawamaliza. Chanjo ilikuwapo ofisini kwa Lukindo, tena ya bure, lakini ilikaa juani juu ya friji, maana ndani ya friji hapajazinduliwa. Akabaki huyu mmoja, kishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni. Zaituni alimpenda kuliko wote. Alisema ni mke mwenzake, maana shingo zao zote mbili zimeungua kwa jua la serikali.

Baada ya arobaini, jogoo wa jirani akiwa amekwisha kumzoea, Kishingo akaanza kutaga kwenye tenga ambalo Zaituni aliwekea khanga zake. Sikumfukuza. Akataga kumi na moja, akalala juu yake, akaatamia. Mimi wakati ule nilikuwa siongei na watu, nilikuwa nakaa mlangoni namtazama. Sikutaka kingine duniani. Nilitaka kifaranga mmoja wa kuku wa Zaituni, mwenye shingo tupu, apite uani kwangu nimwone. Mmoja tu. Nilifikiri hilo ni dogo, serikali haitaligundua.

Siku ya pili ya kuatamia Lukindo akaja na sanduku, nyuma yake gari la Bi. Shamsa, Afisa Itifaki kutoka makao makuu, mwanamke wa miwani ambaye hakai mahali mpaka apaangalie kwanza kama pana cheo. Lukindo akatoa barua akaisoma akiwa wima. Ilikuwa inahusu Mpango Mkuu wa Taifa wa Kutotoa Bila Kuku. Bi. Zaituni binti Mbwana, aliyepata nafuu mikononi mwa Mheshimiwa, amechaguliwa kuwa mnufaika wa kwanza wa mashine ya kutotolesha. Vifaranga wake watazinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya mihogo."

"Analima?"

"Amepumzika."

"Safi. Akiinuka aje aweke dole gumba hapa."

"Bwana Lukindo, si wewe uliyemshika miguu?"

"Mzee Kondo, mimi nilimshika mtu anayeendelea vizuri. Sijui wewe mwenzangu ulimshika nani."

Bi. Shamsa alikuwa amechungulia ndani, amemwona Kishingo kwenye tenga.

"Huyu anafanya nini?"

"Anaatamia, mama."

"Kwa kibali cha nani?"

Nikasema nijuavyo mimi kuku hana kibali, ana joto. Akavua miwani akaifuta. "Serikali inaleta mashine, wewe unaweka kuku. Huo ni ushindani. Mheshimiwa akija akakuta kuku analala juu ya mayai, atajisikiaje?"

Kishingo akaliwa mchana ule ule, kwa wali. Nilimchinja mwenyewe, maana dereva wao alitaka kumnyonga. Bi. Shamsa alipewa shingo kwa heshima, akainyonya akaiweka pembeni ya sahani, akalalamika haina nyama.

Mayai kumi na moja yakahamishiwa kwenye mashine yangali ya moto.

*

Mashine ilikuwa sanduku la mbao, kioo juu, taa ya mafuta ubavuni, kipimajoto ndani. Kitabu cha maelekezo kilifungwa utepe, kwa hiyo sikukisoma, na hata kingefunguliwa, mimi na kusoma tunasalimiana kwa mbali. Nilifanya alivyokuwa akifanya Zaituni. Nilichora kila yai kwa mkaa, msalaba upande huu na duara upande wa pili, nikayageuza asubuhi, mchana na jioni. Kuku huyageuza kwa mdomo, na yasipogeuzwa kifaranga huganda ubavuni mwa ganda. Niliweka kikombe cha maji ndani, hewa isikauke. Kipimajoto sikukiamini. Kila siku kilisema thelathini na saba na nusu, hata siku nilipokitoa nikakitumbukiza mtungini. Kilikuwa cha serikali, kilijifunza kutoa taarifa nzuri.

Basi nilikuwa naliweka yai kwenye kope, kama Zaituni alivyonifundisha. Likikuunguza, ni moto mno. Likikuburudisha, ni baridi. Usipolisikia kabisa, hapo ndipo. Kumi na moja kwa siku, moja moja, nimefumba jicho. Mtu angepita angedhani nalia.

Siku ya saba nikayamulika kwa tochi. Tisa yalikuwa na mishipa kama mizizi ya mchicha, na katikati kitone kinadunda. Mawili yalikuwa matupu. Nikaripoti kwamba mawili ni viza.

Lukindo akakataa kuandika. "Katika mpango wa taifa hakuna yai viza. Kuna yai ambalo halijahamasika."

"Yatanuka, bwana. Yatawaharibia wenzake hewa."

"Yahamasishe."

Nikayarudisha ndani. Yakaanza kunuka kwa uzalendo.

*

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, siku ya ishirini na moja, ndiyo siku ya vifaranga kutoka. Hilo nilishukuru. Nikasema kumbe safari hii wamehesabu. Turubai likasimamishwa kwangu uani, viti vya meza kuu vikavishwa vitambaa, miti ya barabarani ikapakwa chokaa mpaka kwenye makalio, na mmoja wetu aliyekuwa amelala chini ya mti naye akapakwa.

Siku ya kumi na nane Bi. Shamsa akapokea ujumbe. Mheshimiwa alikuwa amekwenda mikoa ya juu kuzindua masika. Bahati mbaya mvua ilinyesha kabla hajafika, na sasa ilikuwa inafanyiwa uchunguzi. Angefika kwetu Jumatano, siku ya ishirini na tano.

"Vifaranga watasubiri," akasema.

"Hawawezi, mama. Siku ishirini na moja wanatoka."

"Umewaeleza?"

"Niwaelezeje?"

"Sijui. Wewe ndiye unayeishi nao."

Wakaleta askari, Koplo Sindato, mtu mnene mwenye usingizi, akaketi karibu na mashine na bunduki mapajani. Kazi yake ilikuwa kuzuia mtu yeyote asizaliwe kabla ya Jumatano.

Ijumaa yakaanza kulia. Kifaranga akikaribia kutoka hulia akiwa ndani, sauti nyembamba, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Bi. Shamsa akaweka sikio kwenye kioo.

"Wanasema nini hawa?"

"Wanamwita mama yao."

Akamtazama Lukindo, Lukindo akatazama chini, na mimi nikatazama pipa la taka, mahali tulipotupa mifupa.

"Punguza moto wa taa," akaamuru. "Ukipungua moto na shauku itapungua."

"Wakipata baridi watakufa."

Lukindo akanishika bega, kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtumishi. "Mzee wangu, kufa huja mwisho wa ratiba. Sisi bado tuko kwenye utangulizi."

Akapunguza utambi. Alipotoka nikaupandisha. Akarudi akaupunguza, safari hii Koplo akahamisha kiti, akakiweka kati yangu na taa.

Jumamosi asubuhi likapatikana tobo la kwanza, dogo kama punje ya mtama, na ncha ya mdomo ikionekana. Bi. Shamsa akatoa roli la plasta kwenye mkoba wake. Nadhani alikuja nalo tangu mjini, watu wa itifaki hawakosi kitu. Akaliziba. Likatoka tobo kwenye yai la pili, akaliziba. Kila tobo likapata plasta, na juu ya plasta muhuri wa serikali, ili kifaranga atakayevunja ajue amevunja nini. Wakati ule nilisikia sauti tisa. Adhuhuri nikasikia sita. Ilipoadhiniwa alasiri zilikuwa tatu. Kifaranga aliyekwisha kudonoa ganda anataka hewa, na hewa haikuwamo kwenye ratiba.

Yai la tisa nilipewa nilizibe mwenyewe, kwa kuwa mkono wa Bi. Shamsa ulikuwa umechoka kupiga muhuri. Nikaliziba kama fundi wa serikali anavyoziba bomba. Muhuri ulionekana, plasta ilionekana, na ubavuni pakabaki upenyo.

Jumapili asubuhi, Koplo Sindato akiwa amelala mdomo wazi, nilisikia ganda likipasuka. Nikanyanyua kioo polepole. Alikuwa ametoka nusu, mwenye maji maji, anatetemeka. Nikampokea mkononi, akamalizia kutoka humo humo. Shingo tupu, nyekundu, ya mama yake kabisa. Alinitazama kama mtu aliyefika stendi akakuta hakuja mtu kumpokea.

"Pole," nikamwambia. "Na mimi nilichelewa."

Nikamfunga kwenye khanga ya Zaituni, nikamweka kifuani ndani ya shati. Siku mbili nilitembea naye hivyo. Nilimpa maji kwa ncha ya kidole, na Jumatatu akaanza kudonoa pumba kiganjani mwangu, akidhani mistari ya mkono ni minyoo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilipika ugali nikaumaliza.

Jumanne jioni nilikuwa napita mbele ya Koplo, kifua kikalia.

"Mzee, umemeza nini?"

"Kikohozi."

"Kikohozi chako kina mdomo. Kimetokeza kwenye kifungo."

*

Kesi ilisikilizwa pale pale uani. Mshtakiwa aliwekwa juu ya meza kuu, akaanza kudonoa kitambaa. Kosa lake lilikuwa kumtangulia mgeni rasmi. Bi. Shamsa alitaka apotezwe na asiandikwe popote. Lakini walipofungua mashine kuyatoa mengine, wakaruka nyuma wote wamebana pua. Manane yalikuwa kimya chini ya mihuri, na yale mawili ambayo hayajahamasika yalikuwa yamepasuka. Lukindo akaketi chini kwenye vumbi na suti yake.

"Mheshimiwa anakuja kesho asubuhi," akasema. "Anakuja kuzindua nini sasa? Harufu?"

Wakamgeukia kifaranga. Nikaona wanamtazama vingine, kama walivyomtazama Zaituni asubuhi ile.

"Huyu ndiye taifa zima," akasema Bi. Shamsa. "Arudishwe ndani."

Nilidhani anasema ndani ya mashine. Alikuwa anasema ndani ya yai.

"Mama," nikasema, "hakuna kilichotoka yaini kikarudi."

"Wewe ndiye unayesema hakuna. Serikali haijasema."

Ganda lake la mwanzo lilikuwa dogo, na yeye alikuwa na siku tatu, amejaa. Wakatafuta yai la bata, wakalikata kwa msumeno wa chuma, Koplo akala kilichokuwamo. Jumatano alfajiri wakaleta gundi ya bahasha. Dereva akamshika kifaranga kwa bawa akamning'iniza, nikasema basi nipeni mimi, ninyi mtamvunja. Nikamkunja mwenyewe, kichwa chini ya bawa, miguu tumboni, kama alivyokuwa amelala siku zote zile nilipomweka kwenye kope. Hakupigana. Alidhani ni kifuani kwangu. Nikamfunika kwa nusu ya pili, Lukindo akapaka gundi kuzunguka, Bi. Shamsa akapaka poda ya uso ili mshono usionekane.

"Tundu la hewa?" nikauliza.

"Kwenye mchoro wa yai hakuna tundu."

Walipogeuka nikatoboa kwa mwiba, chini, upande utakaolala kwenye mto waliouandaa wa kulilazia, wasiuone. Halafu nikaona mto wenyewe, mahameli nene, nikajua nimefanya kazi ya bure.

"Mheshimiwa anafika saa ngapi?"

"Saa tatu kamili," akasema Lukindo.

Nikapiga hesabu. Saa tatu angeweza kuwa hai.

*

Mheshimiwa alifika saa tisa.

Tangu saa tatu mpaka saa tisa nilikaa kiti cha mbele, yai mbele yangu juu ya mto, jua limeinama kwenye turubai. Asubuhi lilikuwa likilia kila mara. Saa sita lilikuwa linalia ukilikaribia. Mara mbili nikanyanyuka kuliinamia, mara mbili Koplo akanikalisha kwa kitako cha bunduki. Watoto wa shule mpya za msingi, wale wanaosomea nje ya milango yake, waliimba. Matarumbeta yakapigwa. Risala ikasomwa, kurasa kumi na nne, na kila ukurasa ulimshukuru Mheshimiwa kwa kuruhusu ukurasa uliofuata.

Kisha akasimama yeye.

"Ndugu wananchi," akasema, "kabla yangu, mayai yalikuwa yanavunjika. Baada yangu, yanafunguka."

Makofi.

"Mataifa yaliyoendelea yana mashine, lakini bado yana kuku. Sisi tumeyapita. Sisi kuku hatuna."

Makofi na vigelegele. Hapo yai likalia, sauti moja ndogo, kipaza sauti kikaibeba mpaka barabarani.

"Mmemsikia?" Mheshimiwa akacheka, tukacheka. "Ananiunga mkono kabla hajaniona. Kuna watu wazima hapa hawana akili hiyo."

Akaendelea saa nzima na robo. Alieleza historia ya yai tangu yeye azaliwe. Sikusikia kitu, nilikuwa nasikiliza mto. Karibu na mwisho nilisikia ukucha unakwaruza ganda, mara moja, halafu tena mara moja. Nikajua bado yumo.

Ukatokea ubishi kwenye meza kuu. Yai halina utepe, kwa hiyo mkasi haukuwa na cha kukata. Bi. Shamsa akafungua kitabu cha itifaki, akanong'onezana na wenzake, kisha akatangaza: jiwe la msingi hugongwa, na yai ni msingi wa kuku. Walinzi sita wakaleta nyundo.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, nakuomba baba, gusa kwa ukucha tu. Limebandikwa. Ukucha unatosha."

Mheshimiwa akanitazama kwa wema. "Mzee anaogopa nitaumia mkono," akasema. Watu wakacheka sana. Koplo akanikalisha.

Mheshimiwa akainyanyua nyundo kwa mikono miwili, kama anavyofanya kwenye mawe, akaishusha kama anavyofanya kwenye mawe.

Mto ulikuwa umeingia shimo. Mheshimiwa akainama akatazama, sisi tulio mbele tukatazama, wa nyuma wakauliza ametoka, ametoka? Nikaona shingo, ile nyekundu, tupu, imelala upande.

"Ametulia," Mheshimiwa akasema. "Vifaranga wengine wangetoka hapa wanakimbia kimbia hovyo. Huyu ana nidhamu. Vijana igeni."

Makofi yakadumu mpaka msafara ukawasha magari. Kwenye daftari wakaandika: kifaranga wa kwanza wa taifa, anaendelea vizuri.

Akiwa anapanda gari, Mheshimiwa akakumbuka kitu, akageuka. "Yule mama mwenye mradi, niliyemshika mkono. Hajambo?"

"Hajambo sana, Mheshimiwa," akajibu Lukindo kabla yangu.

"Mpeni salamu zangu."

"Nitampelekea," nikasema. "Naenda sasa hivi."

*

Nilikusanya kilichokuwa juu ya mto nikakifunga kwenye pindo la khanga. Nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya mihogo. Nilichimba upande wa mkono wake wa kulia, mkono aliokuwa akimwagia kuku pumba. Udongo ulikuwa laini, na mimi nilikuwa na hasira, nikachimba kwenda chini kuliko anavyohitaji kifaranga. Nilifika mahali jembe likagusa ubao.

Nikasikia viatu. Alikuwa Lukindo, peke yake, daftari kwapani na kidau cha wino mkononi.

"Mzee Kondo, samahani. Msafara unanisubiri barabarani. Faili halifungwi bila dole gumba la mnufaika. Tangu siku ile sijalipata."

"Yuko hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa chini. Nimekwisha kukufungulia njia. Shuka, umpake wino. Miguu unaijua, leo umshike mkono."

Nikamwachia nafasi ukingoni. Lukindo akasogea, akachungulia. Aliuona ubao. Nikadhani safari hii atasema, hata neno moja, hata pole. Honi ikapigwa barabarani. Akafungua kidau, akachovya dole gumba lake mwenyewe, akaligandamiza kwenye daftari mbele ya jina la mke wangu. Akalipuliza likauke.

"Msalimie mama," akasema, akaondoka upesi kwenye mihogo.

Nikamweka kifaranga, nikafukia.

Zaituni alikuwa na vidole vyembamba, vidole vya mtu aliyekula mchicha akauza mayai. Siku mtakapofunguliwa daftari la serikali mtamkuta humo. Yu hai, anaendelea vizuri, na dole gumba lake limenona.